UCHUNGU WA UZAZI, DAWA YA GANZI NA AKILI YA MTOTO: HISTORIA NA MIZANI YA FIQHI

Kila sifa njema ni yake Mwenyezi Mungu (S.W), aliyemuumba mwanadamu kutokana na pande la damu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na Masahaba wake wote. Ama baada ya hayo:

Miongoni mwa maswali yanayowafikia maimamu wetu, lipo moja ambalo huulizwa kwa sauti ya chini baada ya sala, na muulizaji huwa na haraka. Mke yuko hospitali, madaktari wanataka kumpasua, naye mume ameambiwa na jamaa kwamba sindano ya ganzi ya mgongoni au nusukaputi huharibu akili ya mtoto. Je, akubali? Wakati mwingine swali huja miaka kadhaa baadaye: mtoto amechelewa kusema, au hafahamu masomo darasani na madrasa, na mama yake analaumiwa kwamba hakuvumilia uchungu kama walivyovumilia bibi zake.

Swali hili lina pande mbili ambazo watu huzichanganya. Upande wa kwanza ni wa hukumu: je, sheria imemtaka mwanamke aumie? Upande wa pili ni wa khabari: je, ni kweli kwamba dawa hii, au njia hii ya kuzaa, humdhuru mtoto baadaye? Upande wa kwanza wanazuoni wetu walikwishauzungumza tangu karne nyingi. Upande wa pili una watu wake, nao ni matabibu, na khabari zao sasa ni nyingi kuliko zilivyokuwa miaka ishirini iliyopita. Katika makala hii tutazifuata pande zote mbili kwa njia ya historia, kisha tutazipima.

UCHUNGU KATIKA QUR'AN NA SUNNA

Qur'ani Tukufu haikuuficha uchungu wa uzazi. Katika Sura Maryam (19:23) tunasimuliwa namna utungu ulivyompeleka Bibi Maryam (A.S) kwenye shina la mtende, hata akatamani lau angekufa kabla ya siku hiyo. Hapana aliye juu yake kwa utakaso miongoni mwa wanawake wa zama zake, na juu ya hayo Mola wake hakumlaumu kwa kauli ile. Bali aya zinazofuata zinaeleza kwamba alinadiwa asihuzunike, akapewa kijito cha maji na tende mbivu. Yaani jibu la Mwenyezi Mungu kwa uchungu wake lilikuwa ni kumliwaza na kumsahilishia.

Katika Sura Luqman (31:14) na Sura Al-Ahqaf (46:15) mashaka ya mimba na ya kuzaa yametajwa kuwa ni sababu ya mtoto kuwatendea wema wazazi wake, na hasa mama. Hayakutajwa kuwa ni adhabu. Jambo hili ni kubwa. Katika Qur'ani, Nabii Adam (A.S) na mkewe waliteleza wote wawili, wakatubu wote wawili (7:23), na toba ikakubaliwa. Hakuna aya inayosema kwamba mabinti wa Hawa wameachiwa uchungu kama deni la kosa lile. Atakayefuata historia tunayoielekea ataona faida ya kulikumbuka hili.

Ama Sunna, zipo hadithi zinazomhesabu mwanamke anayekufa kwa uzazi kuwa miongoni mwa mashahidi. Baadhi ya watu wamezifahamu kana kwamba zinahimiza hatari. Huo si ufahamu wa wanazuoni. Aliyekufa kwa tauni naye amehesabiwa shahidi, na pamoja na hayo Mtume (S.A.W) amekataza kuingia katika mji wenye tauni. Ujira ni rehema kwa aliyefikwa na msiba, na msiba wenyewe hautafutwi. Tena yeye mwenyewe (S.A.W) ameamrisha kutafuta dawa, akabainisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia na ponyo.

MAFAKIHI NA DAWA YA KUONDOA FAHAMU

Kisa kinachotajwa sana katika mlango huu ni cha Urwa bin Zubeir (aliyefariki mwaka 94 Hijria kwa kauli mashuhuri), mmoja wa mafakihi saba wa Madina. Aliingiwa na maradhi ya kuoza mguu, matabibu wakaamua kuukata, wakamtaka anywe kitu kitakachomwondolea fahamu. Akakataa, akakatwa akiwa macho. Riwaya za kisa hiki zinatofautiana, lakini wote wanaokisimulia wanakubaliana juu ya subira yake.

Wako wanaokitumia kisa hiki kumtaka kila mgonjwa avumilie. Tunasema: kitendo cha Urwa ni fadhila yake mwenyewe, alijichagulia mwilini mwake. Hakikuwa fatwa juu ya mwili wa mwingine. Na dalili ni kwamba mafakihi waliokuja baada yake, nao walikuwa wakikijua kisa chake, hawakujenga juu yake hukumu ya kuharimisha.

Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277), ambaye vitabu vyake ndivyo tegemeo la Mashafii, wakiwamo wa mwambao wetu, amelitaja suala la mtu mwenye kiungo kilichooza anayehitaji kitu cha kumwondolea akili ili kiungo kikatwe. Ametaja kwamba wanazuoni wa madhehebu wana kauli mbili, na iliyo sahihi zaidi ni kujuzu. Naye Imam Qarafi wa madhehebu ya Maliki (aliyefariki mwaka 684 Hijria, sawa na 1285), katika kitabu chake Al-Furuq, amepambanua baina ya vitu vitatu: kinacholevya, kinacholaza na kinachoharibu akili. Kinacholevya huondoa akili na kuleta furaha na ushujaa wa uongo. Kinacholaza huondoa hisia, mtu asione wala asisikie. Kinachoharibu akili huivuruga bila ya kuleta furaha ile. Kisha akaeleza kwamba hukumu kali za ulevi, yaani kupigwa hadi, kuwa najisi na kuharamishwa hata kidogo chake, zinahusu cha kwanza peke yake.

Upambanuzi huu ni mlango mpana. Matabibu wa Kiislamu, akiwamo Ibn Sina (aliyefariki mwaka 428 Hijria, sawa na 1037), walizijua dawa za kulaza na kutuliza maumivu, kama afyuni na mmea unaoitwa kwa Kiarabu banji, ambao si bangi tunayoijua sisi. Kwa hiyo mafakihi walipozungumza juu ya dawa hizi hawakuwa wakikisia. Walikuwa wakizungumza juu ya vitu vilivyokuwamo katika maduka ya dawa ya miji yao.

KUPASUA TUMBO LA MZAZI

Suala la pili ni la kisu. Zamani mwanamke kupasuliwa akiwa hai na akapona ni jambo lililokuwa nadra mno, na kwa hiyo mafakihi wengi walilizungumza kwa sura ya mama aliyekwisha kufa na mtoto angali anacheza tumboni. Hapa walikabiliana na mambo mawili yanayogongana: heshima ya maiti, ambayo haivunjwi, na uhai wa mtoto.

Mashafii, kama ilivyo katika Al-Muhadhdhab ya Imam Shirazi, walisema tumbo lipasuliwe ikiwa mtoto anatarajiwa kuishi, kwa kuwa ni kuokoa nafsi hai kwa kuharibu sehemu ya maiti. Mahanafi nao walijuzisha. Kauli mashuhuri kwa Wamaliki, na iliyotangulizwa na Mahanbali, ni kutopasua, na Mahanbali wakataka wakunga wajaribu kumtoa mtoto kwa mikono. Sababu yao haikuwa kudharau uhai wa mtoto. Waliona kwamba kwa kawaida mtoto huyo haishi, basi heshima ya yakini haivunjwi kwa jambo la kudhania. Ibn Hazm (aliyefariki mwaka 456 Hijria, sawa na 1064) alikuwa mkali zaidi wa upande wa pili: aliwajibisha kupasua ikiwa mimba imepita miezi sita na mtoto yu hai, akatoa hoja kwa aya ya thelathini na mbili ya suratul Maida inayotaja kuhuisha nafsi moja (5:32).

Msomaji azingatie: hitilafu hii yote inazunguka juu ya khabari ya kitabibu, nayo ni kama mtoto anaweza kuishi au la. Khabari ilipobadilika kwa maendeleo ya upasuaji, wanazuoni wa zama zetu hawakuona taabu kuegemea upande wa kujuzu. Hukumu ilifuata sababu yake.

Athari moja ya zama hizo ingaliko hadi leo. Al-Biruni, katika kitabu chake Al-Athar al-Baqiya alichokitunga karibu na mwaka 1000, ametaja khabari ya mfalme wa Rumi aliyetolewa tumboni mwa mama yake kwa kupasuliwa. Nakala ya kitabu hicho iliyoandikwa mwaka 707 Hijria (sawa na 1307) ina picha ya kitendo hicho, na ni miongoni mwa picha za kale zaidi zinazojulikana za upasuaji wa aina hiyo. Nakala hiyo imehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland. Na ni katika mji huohuo wa Edinburgh ambapo ukurasa wa pili wa historia hii ulifunguliwa.

EDINBURGH, MWAKA 1847

Mnamo Januari 1847, James Young Simpson, mwalimu wa ukunga katika chuo hicho, alimvutisha mzazi mvuke wa etha ili asisikie uchungu. Mnamo Novemba mwaka huohuo yeye na wasaidizi wake wawili wakajijaribia wenyewe dawa nyingine, klorofomu, wakalala palepale mezani. Siku chache baadaye akaanza kuitumia kwa wazazi.

Mjadala ukazuka. Desemba 1847 Simpson alitoa kijitabu kuwajibu wanaopinga kwa hoja ya dini. Hoja yenyewe ni kwamba katika Biblia, kitabu cha Mwanzo, Hawa aliambiwa atazaa kwa uchungu, basi kuuondoa uchungu ni kupingana na hukumu ya Mungu. Simpson alijibu kwa lugha, akisema neno la Kiebrania lililotumika lina maana ya kazi na juhudi. Tena akajibu kwa kisa, kwamba Mungu mwenyewe alimtia Adam usingizi mzito kabla ya kumtoa ubavu. Wanahistoria waliochunguza maandishi ya zama hizo wameona kwamba upinzani wa makanisa ulikuwa mdogo kuliko ulivyokuja kusimuliwa. Wapinzani wakubwa walikuwa madaktari wenzake. Charles Meigs wa Philadelphia, kwa mfano, aliona kwamba uchungu ni sehemu ya maumbile na ni kiongozi wa daktari katika kazi yake.

Mwaka 1853 Malkia Victoria wa Uingereza alipewa klorofomu na Daktari John Snow alipomzaa mwanawe Leopold, akaitumia tena mwaka 1857. Baada ya hapo watu wa Ulaya wakazidi kuikubali. Kwetu sisi la kuzingatia ni hili: mjadala wa Edinburgh ulijengwa juu ya msingi ambao Uislamu haunao. Muislamu anayesema leo kwamba mwanamke lazima aonje uchungu kwa sababu ya Hawa, haitoi hoja hiyo katika Qur'ani. Ameiokota mahali pengine.

BUNYORO, MWAKA 1879

Haitakuwa insafu kuifanya historia hii kuwa ya Ulaya peke yake. Mwaka 1879 Robert Felkin, aliyesomea utabibu Edinburgh, alikuwa katika nchi ya Bunyoro, iliyo sasa ndani ya Uganda, akashuhudia mahali paitwapo Kahura mwanamke wa miaka kama ishirini akipasuliwa ili azae mimba yake ya kwanza. Mwanamke alinyweshwa pombe ya ndizi hata fahamu zikapungua. Mganga akanawa mikono na kuliosha tumbo kwa pombe hiyo, kisha kwa maji. Akapasua, mtoto akatolewa, damu ikazuiwa kwa chuma cha moto kidogokidogo, jeraha likafungwa kwa sindano za chuma na kupakwa dawa ya mizizi. Felkin alipoondoka siku kumi na moja baadaye, mama na mtoto walikuwa wazima. Khabari hiyo aliichapisha mwaka 1884 katika jarida la madaktari wa Edinburgh, na ilikuwa ajabu kwao, kwa kuwa Ulaya yenyewe wakati huo wanawake wengi waliopasuliwa walikuwa wakifa.

Kwa fakihi, pombe ya ndizi inaleta suala la kutibu kwa kilevi, na humo mna mazungumzo marefu na hadithi sahihi ya kukataza. Lakini dawa zitumikazo hospitali leo si vinywaji vya kulevya, wala hazimpi mzazi ile furaha ya ulevi aliyoieleza Qarafi. Ziko katika mlango wa kinacholaza au kinachotia ganzi. Kwa hiyo anayeziharimisha kwa kuzilinganisha na khamri amelinganisha vitu viwili visivyo na sababu moja.

MTOTO ANAANZA KUTAZAMWA

Katika zama za Simpson macho yote yalikuwa kwa mama. Haukupita muda swali la mtoto likaja. Katika miaka ya 1870 daktari Paul Zweifel alibainisha kwamba klorofomu anayovuta mama hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto.

Onyo kubwa lilitoka Freiburg, Ujerumani. Kuanzia mwaka 1906 madaktari wa huko, Carl Gauss na Bernhard Krönig, walieneza njia ya kumpa mzazi dawa mbili, skopolamini na mofini. Mama hakuwa hasikii uchungu. Alikuwa anausikia, ila hakuukumbuka baadaye. Mwaka 1914 na 1915 wanawake wa Marekani waliidai njia hiyo kwa nguvu. Lakini kulikuwa na wazazi waliofungwa vitandani wasijiumize, na watoto waliozaliwa wakiwa wamelala, hawapumui vyema. Hapa tunaona kwamba wasiwasi wa watu juu ya mtoto haukutoka hewani. Una asili, nayo ni dawa zilizokuwa zikipita kwa wingi kwenye damu ya mama hadi kwa mtoto.

Aliyeuweka wasiwasi huo katika mizani ni mwanamke, Daktari Virginia Apgar wa New York, mtaalamu wa nusukaputi. Mwaka 1952 alitoa kipimo cha mambo matano ya kutazamwa kwa mtoto dakika moja baada ya kuzaliwa: mapigo ya moyo, pumzi, nguvu za misuli, kushtuka anapoguswa, na rangi ya mwili. Alipoyachapisha mwaka 1953 alionyesha kwamba watoto ambao mama zao walipasuliwa kwa ganzi ya mgongoni walizaliwa na hali bora kuliko ambao mama zao walilazwa kwa nusukaputi. Kipimo hicho kinatumika hadi leo duniani kote, na huenda msomaji amekiona kwenye kadi ya mtoto wake.

Hapa inafaa kupambanua dawa zenyewe, kwa kuwa watu huzisema kwa jina moja. Nusukaputi humlaza mama kabisa, na sehemu yake humfikia mtoto. Katika upasuaji wa uzazi huwa ni kwa dakika chache kabla mtoto hajatolewa. Sindano ya mgongoni huingizwa chini kiunoni baina ya mifupa. Iko inayofika kwenye maji yanayouzunguka uti na kutia ganzi upesi, nayo ndiyo inayotumika sana kwa upasuaji. Na iko inayoishia nje ya utando, kwa mrija mwembamba wa kuongezea dawa, nayo hutumika kwa kutuliza uchungu wa kawaida. Katika zote mbili za mgongoni mama yu macho, anaweza kumtaja Mola wake na kumsikia mwanawe akilia, na dawa inayomfikia mtoto ni kidogo.

TAFITI ZA AKILI YA MTOTO

Kipimo cha Apgar ni cha dakika ya kwanza. Je, miaka kumi baadaye? Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa watoto 5,320 waliozaliwa katika wilaya ya Olmsted, jimbo la Minnesota, baina ya mwaka 1976 na 1982. Kati yao 497 walizaliwa kwa upasuaji: 193 kwa nusukaputi na 304 kwa ganzi ya mgongoni. Walifuatiliwa katika kumbukumbu za shule na hospitali ili kujulikana nani alipata ulemavu wa kujifunza, yaani shida ya kusoma, kuandika au kuhesabu. Matokeo ni kwamba waliozaliwa kwa nusukaputi hawakuzidi waliozaliwa kwa njia ya kawaida, na waliozaliwa kwa ganzi ya mgongoni walikuwa pungufu kuliko wote. Watafiti hawakudai kwamba kisu kinaongeza akili. Mwaka 2011 kundi hilo likatazama watoto 4,684 waliozaliwa kwa njia ya kawaida, likaona kwamba ganzi ya mgongoni wakati wa uchungu haikuhusiana na ulemavu huo.

Kisha likaja jambo lililowatisha watu. Oktoba 2020 ulichapishwa uchunguzi wa watoto 147,895 wa kusini mwa California. Ilionekana kwamba usonji ulipatikana kwa watoto kama 1.9 katika kila 100 ambao mama zao walipewa ganzi ya uchungu, na 1.3 katika kila 100 ambao mama zao hawakupewa. Khabari ikaenea upesi. Lakini mwaka uliofuata, 2021, ukaja uchunguzi wa Denmark wa watoto 479,178 na wa Manitoba, Kanada, wa watoto 123,175. Zilipohesabiwa hali nyingine za mama, tofauti ilibaki ndogo kiasi cha kutoweza kupambanuliwa na bahati tu. Uchunguzi wa British Columbia, nao wa Kanada, wa watoto 388,254, ulibakiza tofauti ndogo sana ambayo watafiti wenyewe hawakuiona kuwa ni ushahidi wa sababu.

Vivyo hivyo kwa kisu. Huko Sweden mwaka 2015 walitazamwa watoto karibu milioni 2.7. Waliozaliwa kwa upasuaji walionekana kuwa na usonji zaidi kwa kiasi cha asilimia 21. Kisha watafiti wakalinganisha ndugu wa tumbo moja, mmoja aliyezaliwa kwa kisu na mwingine kwa njia ya kawaida. Tofauti ikatoweka.

Mwanafunzi wa usulul fiqhi hatalishangaa jambo hili. Wanausuli wametufundisha kupambanua baina ya illa, yaani sababu yenyewe ya hukumu, na sifa inayoandamana nayo tu. Na wametufundisha njia ya kuzichuja sifa, wanayoiita sabr na taqsim: unazikusanya zote zinazowezekana kuwa illa, kisha unaziondoa moja moja mpaka ibaki inayostahiki. Kulinganisha ndugu ni mfano wa kazi hiyo. Ndugu wana mama mmoja, ukoo mmoja na nyumba moja. Zilipoondolewa sifa hizo kwa kulinganishwa, ikadhihiri kwamba kisu hakikuwa illa. Kilikuwa kimeandamana na mambo mengine, kama afya ya mama, umri wake, na matatizo ya mimba yaliyosababisha apasuliwe.

Hatusemi kwamba dawa hizi hazina tahadhari yoyote. Desemba 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha juu ya nusukaputi inayorudiwarudiwa au inayopita saa tatu kwa watoto wa chini ya miaka mitatu na kwa wajawazito wa miezi ya mwisho. Na kisu bila ya haja kina madhara yake: kovu la mfuko wa uzazi linaweza kuitatiza mimba inayofuata, na mtoto anaweza kupata shida ya kupumua. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 1985 kwamba hakuna sababu ya mahali popote kuzidi upasuaji wa asilimia 10 hadi 15 ya uzazi wote, na mwaka 2015 likaeleza kwamba kiwango cha nchi kikizidi asilimia 10 hakionekani kupunguza vifo zaidi. Kanuni yetu ya fiqhi inasema maana hiyohiyo: dharura hukadiriwa kwa kiasi chake.

MIZANI

Baada ya maelezo haya tunasema:

Kwanza, sheria haikumtaka mwanamke aumie. Mwenye kuchagua subira na hali yake inaruhusu, ana ujira wake inshallah. Mwenye kuchagua dawa hakupungukiwa na imani. Katika hospitali zetu nyingi za Afrika Mashariki ganzi kwa ajili ya uchungu wa kawaida ni nadra, na wengi huipata wanapopasuliwa tu. Basi anayeipata asifanywe ajione mkosefu.

Pili, dawa za ganzi na nusukaputi hazimo katika hukumu ya khamri. Zimo katika mlango wa matibabu kwa haja, ambao mafakihi waliufungua kabla ya Edinburgh kwa karne nyingi.

Tatu, khabari ya madhara juu ya akili ya mtoto haikuthibiti kwa kiasi cha kujengewa hukumu. Imamu asiitangaze juu ya mimbari. Ama khabari iliyothibiti ni nyingine: mtoto anayekwama njiani muda mrefu hukosa hewa, na kukosa hewa huumiza ubongo, hata kuleta kupooza na upungufu wa akili, au mauti. Mume anayechelewesha upasuaji kwa kuhofia ubongo wa mwanawe huenda ndiye anayeutia ubongo huo hatarini. Na yakini haiachwi kwa shaka.

Nne, idhini. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha saba kilichofanyika Jeddah Mei 1992, lilipitisha azimio namba 67 kwamba idhini ya matibabu ni ya mgonjwa mwenyewe akiwa na akili timamu na amebaleghe. Uamuzi wa walii kwa asiyeweza kujiamulia hauzingatiwi ila katika lenye manufaa naye na kumwondolea madhara. Na katika hali ya hatari kwa uhai, matibabu hayasubiri idhini. Mke mwenye akili timamu ni mgonjwa mwenye idhini yake. Kushauriana na mumewe ni katika wema wa ndoa, lakini maisha yake hayafungwi na simu isiyopokelewa.

Tano, mama wa mtoto mwenye usonji au mzito wa masomo asilaumiwe kwa sindano aliyodungwa siku ya uzazi. Kumtuhumu ni kusema bila ya elimu, na Qur'ani (17:36) imetukataza kuyafuata tusiyokuwa na ujuzi nayo. Mtoto huyo ni amana. Haki yake kwetu ni nafasi darasani na katika madrasa, na mwalimu mwenye subira.

Wanazuoni wetu wa zamani walipohitilafiana juu ya mama aliyekufa na mtoto anayecheza tumboni, waliwaendea wakunga na matabibu kuuliza: je, mtoto huyu huishi? Hawakuona aibu kuuliza. Imamu wa leo naye, anapojiwa na mume mwenye haraka baada ya sala, amwambie kwanza: rudi hospitali, msikilize daktari mwaminifu, msikilize na mkeo.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W) awasahilishie mama zetu, wake zetu na dada zetu uzazi wao, na avijaalie vizazi vyetu kuwa na afya na uongofu. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.